Pedi za breki ya mbele kwa pikipiki ya kazi Pemba: laini au za chuma?

Mwalimu wa Konde

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaishi nje kidogo ya mji wa Wete na ninasomesha skuli moja ya upande wa Konde, na chombo changu cha kwendea kazini ni Pulsar 150 yenye breki ya diski mbele na ya ngoma nyuma. Wiki iliyopita fundi alipofungua gurudumu la mbele kuziba pancha alinionesha kuwa pedi zimebakiwa na nyama ndogo sana, yaani ile sehemu inayosuguana na diski, na mfereji uliochongwa katikati ya kila pedi kuwa alama ya ukomo hauonekani tena. Pedi ya ndani, yaani ile inayosukumwa na pistoni, imelika zaidi kuliko ya nje, kiasi kwamba upande wake mmoja unakaribia kufika kwenye bamba la chuma.

Nimezunguka maduka ya spea ya Wete na Chake Chake, na kila duka limenipa ushauri wake. La kwanza lilinitolea pedi za bei nafuu zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi yoyote. La pili lilikuwa na boksi lenye jina la kampuni iliyotengeneza pikipiki. La tatu lilinionesha pedi zenye bamba la rangi ya shaba, ambazo muuzaji aliziita "za chuma", akaniambia kuwa hazijali mvua wala joto na kwamba nikizifunga hizo nitasahau habari ya breki kwa muda mrefu. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile za boksi.

Matumizi yangu ni haya: asubuhi huwa peke yangu, jioni aghalabu nina mtu nyuma, na msimu wa karafuu huwa nabeba na gunia. Njia yangu ni ya vilima na kona, na masika ikiingia tope jekundu hupanda mpaka kwenye taa. Jambo jingine ni kwamba nyumba yangu iko karibu na pwani, na pikipiki ikilala nje usiku mmoja tu asubuhi naikuta diski imefanya kutu ya manjano. Naomba mnieleze ni aina gani inayofaa, kama hizo za chuma zinaweza kuila diski, na kwa nini pedi ya ndani imetangulia kwisha.

Fundi wa Machomane

Waalaykumu ssalaam mwalimu. Swali lako la mwisho ndilo ninaloanza nalo, kwa sababu usipolipatia jibu, pedi yoyote utakayonunua, iwe ya nailoni au ya shaba, itakwisha vilevile ilivyokwisha hii.

Kalipa ya pikipiki yako, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, ina pistoni upande mmoja tu, nayo imekaa juu ya pini mbili ambazo inatakiwa iteleze juu yake bila ya kizuizi. Unapobana breki, pistoni huisukuma pedi ya ndani mpaka iguse diski, kisha kalipa nzima hurudi nyuma juu ya zile pini na kuivuta pedi ya nje iguse upande wa pili. Pini zikiingia kutu au grisi yake ikikauka, kalipa haitelezi tena, na kazi yote hubaki kwa pedi ya ndani. Ikiwa imelika mshazari, upande mmoja zaidi ya mwingine, basi ujue kuwa pini moja imeganda na nyingine bado inakwenda. Pikipiki zinazolala karibu na bahari naziona hivi kila mara. Pedi imemalizwa na chumvi, wala si na mwendo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha mfukoni, ivue kalipa, ishike kwa mikono miwili na uisukume mbele na nyuma juu ya pini zake. Inatakiwa iende kwa nguvu ya vidole. Ikikataa, toa pini, zisugue kwa msasa laini mpaka zing'ae, angalia vile vifuko vya mpira kama vimechanika, kisha upake grisi ya silikoni. Tafadhali usipake grisi ya beringi, kwani mafuta ya petroli yaliyomo huvimbisha mpira na baada ya muda mfupi pini itabana kuliko mwanzo. Ile sehemu ya pistoni iliyotokeza nje nayo isafishwe kwa brashi laini na maji ya sabuni kabla ya kurudishwa ndani, maana ukiisukuma na uchafu wake utaikwaruza sili, na kalipa itaanza kuvuja. Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki pale juu kwenye usukani wakati unaisukuma, kwa sababu mafuta hupanda, na yakimwagika juu ya tangi yanababua rangi papo hapo.

Vumbi lililomo ndani ya kalipa usilipulize kwa mdomo wala kwa bomba la hewa. Zipo pedi za zamani na za bei ya chini ambazo zilitiwa asbesto, na vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki. Lioshe kwa maji, liondoke likiwa limelowa.

Sasa kuhusu diski. Pembezoni mwake au karibu na bolti utaona yamegongwa maandishi MIN TH na tarakimu, nayo ndiyo unene wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa milimita. Ukipima kwa vernia, kile kipimo cha unene chenye taya mbili, taya zake zitakaa juu ya ule ukingo wa nje ambao pedi haiufikii, na utasoma unene ambao diski haina tena. Chukua sarafu mbili zinazofanana, weka moja kila upande wa diski pale pedi inapopita, pima vyote kwa pamoja, kisha toa unene wa zile sarafu. Ikiwa umeshafika chini ya alama, hapana mjadala wa pedi, unanunua diski.

Na ikiwa diski ni nzima, ushauri wangu kwa chombo kama chako ni pedi laini, zile za nyuzi zilizogandishwa kwa resini, yaani gundi ngumu, lakini ziwe za mtengenezaji anayejulikana. Zinashika vizuri tangu zikiwa baridi, hazipigi kelele, na zinalika zenyewe badala ya kuila diski. Vilima vyetu vya Pemba ni vingi lakini ni vifupi, maana kisiwa chote hakina mahali panapofika hata mita 150 juu ya bahari. Hatuteremki Lushoto hapa.

Muuza Spea, Unguja

Nakubaliana na fundi kuhusu kalipa, na ningependa kuongeza yale ninayoyaona upande wa dukani, kwa sababu wanunuzi wengi hutazama boksi na bei, na pedi yenyewe huitazama wakiwa wameshafika nyumbani.

Kwanza, nenda dukani na pedi yako ya zamani mkononi. Jina la pikipiki halitoshi, kwani aina moja ya pikipiki huweza kubadilishiwa kalipa kati ya toleo moja na jingine, na pedi za matoleo hayo zikatofautiana kwa kitu kidogo kama nafasi ya tundu la pini. Zilaze mbili hizo mgongo kwa mgongo, uangalie matundu, masikio ya pembeni na umbo la nje. Kisha zigeuze zikae kwa ubavu, ulinganishe unene wa bamba la chuma peke yake bila ya nyama. Pedi za kuigiza mara nyingi huibiwa hapo: bamba huwa jembamba, na bamba jembamba hupinda linapobanwa, pedi ikawa inagusa diski katikati tu.

Pili, tafuta herufi mbili zilizochapwa mgongoni mwa bamba au pembeni mwa nyama, kwa mfano FF, GG au HH. Hizo ni alama za kiwango cha msuguano kwa mujibu wa utaratibu wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE. Herufi ya kwanza inaeleza pedi inavyoshika ikiwa na joto la kawaida la kazi, na ya pili inavyoshika ikiwa imepata moto zaidi. E ni kipimo cha msuguano cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55, na H ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo pedi iliyoandikwa GE inashika vizuri mwanzoni na hulegea ikipata moto, na mtu wa vilima asiichukue. Lakini herufi hizo hazielezi hata kidogo pedi itadumu muda gani, wala itaifanya nini diski. Wateja wengi hudhani HH ni daraja la ubora kama daraja za mtihani wa skuli, na sivyo.

Tatu, ile rangi ya shaba. Pedi za chuma za kweli hutengenezwa kwa unga wa madini, na shaba ndiyo iliyo nyingi, ambao hushindiliwa katika umbo lake na kuokwa tanuuni mpaka chembe zishikane bila ya kuyeyuka. Mara nyingi na bamba lake nalo hupakwa shaba ili ule unga ushikamane nalo. Hata hivyo rangi ya shaba inauzwa kwa kopo, na yeyote anaweza kuipaka. Wapo wanaokuja na sumaku kupima, jambo ambalo halisaidii, kwani bamba la kila pedi ni la chuma na sumaku itanasa tu. Tazama nyama yenyewe kwenye ubavu ambao haujapakwa rangi: ya chuma ina punje za kumetameta zilizojaa sawasawa na ukiikwaruza kwa ncha ya msumari huacha mstari wenye mng'aro wa madini, wakati ya nyuzi hutoa vumbi jeusi au la kijivu.

Zile za mfuko wa nailoni mimi nisingezifunga hata kwenye baiskeli. Kitu kisicho na jina la aliyekitengeneza, wala namba ya toleo, hakina wa kukiulizia. Na hilo boksi lenye jina la kampuni nalo lichunguze, kwa sababu maboksi ndiyo yanayoigizwa zaidi. Maandishi yaliyofifia, herufi zilizokosewa na namba ya spea isiyolingana na iliyomo kwenye pedi ni dalili za kutosha kuirudisha kwenye kaunta.

Dereva wa Mkoani

Naheshimu ujuzi wa fundi, ila katika hili la pedi laini sikubaliani naye moja kwa moja. Mimi nabeba abiria kutwa, bandarini mpaka Chake na kurudi, na masika yote siwezi kusema nasubiri mvua ikatike. Pedi laini zikishalowa, ule mbano wa kwanza ni kama hakuna breki. Gurudumu linazunguka mara kadhaa ndipo zinakamata, na mbele yako pengine ni mtoto anayevuka. Pedi za chuma zinakamata tangu unapogusa, mvua isiwe na habari. Tope nalo zinastahamili zaidi, kwani mchanga unaoganda kwenye pedi laini huifanya kuwa msasa.

Ni kweli zina kelele kidogo asubuhi, na diski yangu inaonekana kuwa na mistari. Lakini diski naihesabu kuwa ni spea kama spea nyingine. Mwenye abiria mgongoni atafute kwanza kinachosimamisha chombo, halafu ndipo afikirie kinacholika.

Na tusisahau ya nyuma. Breki ya ngoma ikiwa imelegea, mtu hujikuta anaegemea ya mbele tu. Kaza ile nati ya kurekebishia, na mshale ulio kwenye mkono wa ngoma ukiwa umeshafika mwisho wa alama unapokanyaga, badilisha viatu vyake pia.

Mkufunzi wa Amali

Nimesoma hoja za fundi na za dereva, na kwa maoni yangu kila mmoja anaijibu hali yake. Pengine tukipiga hesabu ndogo itaonekana mpaka uko wapi.

Tuchukue pikipiki, dereva, abiria na mzigo, jumla yake kilo 280. Ikiteremka kilima chenye kimo cha mita 40 kwa mwendo usiozidi wala kupungua, nishati inayotakiwa kuondolewa ni kama kilojuli 110. Diski ya chuma yenye uzito wa kilo moja, ingelazimishwa kulibeba joto hilo lote peke yake bila ya kupoa, ingepanda kwa kiasi cha nyuzijoto 220. Katika hali halisi haifiki huko, kwa sababu injini, breki ya nyuma na upepo huchukua sehemu kubwa, na kilima kikisha diski hupoa. Hapo fundi ana haki: pedi laini iliyo nzuri inalimudu joto hilo. Lakini mtu anayeteremka huku vidole vyake vimebana breki tangu juu mpaka chini, gia ya juu, mzigo mzito, na kilima cha pili kinafuata kabla cha kwanza hakijapoa, huyo anaikaribia ile hali ambayo resini ya pedi laini huanza kutoa gesi na msuguano ukashuka. Dawa ya mwanzo ni kushusha gia kabla ya mteremko na kubana kwa vipindi, kubana na kuachia, si kununua pedi ya bei kubwa.

Kuhusu mvua, dereva naye ana haki. Tofauti ya mbano wa kwanza ipo na kila aliyeendesha kwa aina zote mbili ameihisi. Kwa anayelazimika kutembea katika mvua kila siku na abiria, pedi za chuma zina hoja, kwa sharti kwamba mtengenezaji wa pedi ameitaja pikipiki hiyo katika orodha yake, kwani diski nyingine, hasa za chuma cha kusubu, hazikutengenezwa kwa ajili ya pedi hizo na huliwa haraka.

Kuna jambo ambalo halijaguswa, nalo ni mafuta ya breki. Madini hupitisha joto kuliko nyuzi, kwa hiyo pedi za chuma hulipeleka joto jingi zaidi kwenye pistoni na kutoka hapo kwenye mafuta. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu ya visiwani ina maji ya kutosha. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 230, lakini ikishanyonya maji kwa kiwango kinachotumiwa katika vipimo, ukomo huo hushuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Yakichemka hufanya mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea, ndipo mkono wa breki huenda mpaka kwenye usukani na chombo hakisimami. Kwa hivyo ni vizuri kujua dalili mbili hizi kwa kuzitenganisha: mkono ukiwa mgumu lakini pikipiki haipungui mwendo, tatizo liko kwenye pedi, mkono ukizama, tatizo liko kwenye mafuta. Mwalimu, kama mafuta yako yamefikisha miaka miwili au yamegeuka rangi ya chai, yabadilishe pamoja na pedi. Aina inayotakiwa imeandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, ununue chupa ambayo haijafunguliwa, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haiendi pamoja na hizo nyingine.

Halafu kuna desturi moja mitaani ambayo nimechoka kuikemea, ya kuzichoma moto pedi zilizoingia mafuta ya shokapu ili "kuzikausha". Mafuta hayo yameshapenya ndani ya nyama, na moto unaunguza ile resini inayozishikilia nyuzi. Pedi iliyolowa mafuta hutupwa, na kabla ya kufunga mpya huzibwa kwanza sili ya shokapu inayovuja.

Mwalimu wa Konde

Nawashukuru nyote. Jana nilikwenda kwa fundi na tukafungua kalipa kwa utulivu. Imekuwa kama ilivyoelezwa: pini ya chini ilikuwa imeganda kabisa, mpira wake umechanika, na ndani mlikuwa na unga wa kutu badala ya grisi. Diski tuliipima kwa sarafu na bado ina zaidi ya nusu milimita juu ya kiwango kilichogongwa, nayo haina mifereji mikubwa. Mafuta yalikuwa yamekuwa meusi, tukayamwaga.

Nimeamua kuchukua pedi laini za boksi baada ya kuzilinganisha na za zamani. Zina herufi GG na namba ya toleo. Ikiwa masika zitanisumbua nitalifikiria shauri la dereva. Nimebakiwa na mambo mawili. Pedi mpya zinaingia kwa kubana sana kwenye fremu ya kalipa, mpaka fundi akataka kuzitia tupa masikio. Pia ningependa kujua namna ya kuzianza, kwani nimeambiwa na mmoja kuwa nizibane kwa nguvu siku ya kwanza ili "zikae", na mwengine akaniambia nisizitumie kabisa kwa siku kadhaa.

Fundi wa Machomane

Usitie tupa kwanza. Mara nyingi kinachobana ni kutu iliyoota kwenye fremu pale masikio yanapokaa, chini ya vile vibati vyembamba vya springi. Vivue vibati hivyo, kwangua kutu mpaka uone chuma, virudishe au ununue vipya kama vimelegea, ndipo ujaribu tena. Pedi inatakiwa iingie na kutoka kwa kidole. Ikiwa bado inagoma kwa sababu ya rangi nzito iliyoganda kwenye ncha za masikio, hiyo rangi unaweza kuipunguza kwa msasa. Lakini ukiona unalazimika kula chuma chenyewe, hiyo si pedi ya kalipa hiyo, irudishe dukani ingali safi.

Kuzianza, wote wawili waliokushauri wamekwenda pembeni. Ukishafunga, kabla hata hujapanda, bana mkono wa breki mara nyingi mpaka uwe mgumu, kwa sababu pistoni imerudishwa ndani na mibano ya mwanzo haitashika kitu. Watu wamegonga ukuta wa gereji kwa kulisahau hili. Ifute diski kwa kitambaa safi chenye spiriti, ili alama za vidole na grisi ziondoke. Kisha tafuta kipande cha barabara tambarare kisicho na watu, nenda kwa kilomita 50 kwa saa, bana kwa wastani mpaka ufike 20 hivi, achia, tembea kidogo ipoe, halafu rudia. Fanya hivyo mara kadhaa bila ya kusimama kabisa huku umebana, kwani pedi ikiwa na moto na ikatulia mahali pamoja huacha doa juu ya diski, na doa hilo utalisikia linadunda kwenye usukani. Baada ya hapo tumia breki kama kawaida, ila kwa kilomita mia mbili au tatu za mwanzo epuka mibano ya ghafla isiyo ya lazima na usibebe gunia.

Ukisikia mlio mwembamba siku za mwanzo, huo hupotea pedi ikishapata sura ya diski. Ukiendelea, angalia kama kile kibati cha mgongoni mwa pedi ya zamani kimehamishiwa kwenye mpya, maana mafundi wengi hukitupa pamoja na pedi mbovu.

Na kwa sababu unalaza chombo pwani, kila unapokiosha mwagia kalipa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha uendeshe kidogo huku unagusa breki ili ikauke. Zile pini zifungue uzipake grisi kabla ya masika kuingia, halafu tena kabla ya vuli.

Dereva wa Mkoani

Mwalimu, hiyo pini ya chini iliyochanika mpira, ulipata mpira wake peke yake au ulinunua kalipa nzima? Hapa Mkoani nimeambiwa hauuzwi mmoja mmoja.

Muuza Spea, Unguja

Inauzwa. Omba seti ya mipira ya kalipa, ambayo huja na sili za pistoni pamoja na vifuko vya pini katika pakiti moja. Peleka mpira wa zamani hata kama umechanika, kwa sababu kipenyo cha pini ya juu na cha ya chini huwa si kimoja katika baadhi ya kalipa.